Sura ya Sita: Miguu ya Suruali ya Nathaniel

Mwaka 1942, katika kijiji cha Gee's Bend, jimbo la Alabama nchini Marekani, mkulima wa pamba aitwaye Nathaniel Pettway alifariki baada ya kuugua kwa miezi kadhaa. Mkewe, Missouri, alibaki na watoto, na mashamba, na rundo la nguo za kazi zisizo na mvaaji. Akamwambia binti yake Arlonzia kwamba atazichukua nguo zile zote azigeuze mfarishi, ili amkumbuke mumewe na kujifunika kwa mapenzi.

Arlonzia alikuwa msichana anayeingia utu uzima. Kazi aliyopewa ilikuwa ya kuchana na kukata. Alipokuwa bibi kizee aliisimulia siku ile kama fundi anavyosimulia: mguu wa suruali ni mwembamba chini na mpana juu, kwa hiyo mama yake alimtaka akate ile sehemu pana ya juu na kuilinganisha mpaka vipande vyote viwe na upana mmoja. Mikia ya mashati nayo ikakatwa. Nguo zote za baba zikatosha mfarishi mmoja, hazikuzidi.

Ukiutazama mfarishi ule leo huoni ua wala nyota. Unaona vipande virefu vya rangi zilizopauka kwa jua, jasho na kufuliwa, kimoja kando ya kingine, ukubwa wa kumfunika mtu mzima. Aliyeshika mkasi alikuwa mtoto wa marehemu. Aliyepanga vipande alikuwa mjane wake. Huzuni moja, mikono minne.

Nimeanza na msiba huu kwa sababu unasema jambo ambalo sura hii nzima inalitafuta. Tumezoea kudhani kwamba kazi ya sindano hurithiwa kwa kufundishana mishono: mama anaonyesha, binti anafuatisha, anakosea, anafumuliwa, anarudia. Hiyo ni nusu ya habari. Wanawake wa Gee's Bend wanatupa nusu iliyobaki. Kwao mkubwa alimkabidhi mdogo sehemu halisi ya kazi halisi, kisha akamwacha apite njia yake. Ndiyo maana vizazi vinne vya familia moja vimeshona, na hakuna aliyekuwa kivuli cha mwenzake.

Tabaka tatu

Neno mfarishi limeanza kusahaulika. Kamusi zinalo, lakini siku hizi utasikia zaidi blanketi la viraka. Kwa vyovyote tutakavyouita, mfarishi ninaouzungumzia hapa una tabaka tatu. Juu ni viraka vilivyoungwa. Katikati ni pamba ya kutia joto. Chini ni bitana. Kazi ya kuunga viraka ikiisha, huanza kazi nyingine: kupitisha sindano katika tabaka zote tatu, mshono hadi mshono, ili pamba isijikusanye pembeni na viraka visiachane na bitana. Mfarishi usiopitishwa nyuzi ni mfuko wa pamba tu.

Kule Gee's Bend tabaka zote tatu zilitokana na masazo. Juu palikuwa na ovaroli, magauni na mashati yaliyokwisha kuvaliwa mpaka basi. Katikati palikuwa na pamba iliyobaki shambani baada ya mavuno, au iliyofagiwa sakafuni kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba, ikapigwa kwa fimbo mpaka ikafumka. Bitana ilikuwa mifuko ya unga, sukari na mbolea iliyofumuliwa na kufuliwa. Nyumba zilikuwa za magogo, upepo ukipenya kwenye nyufa, na watu wakibandika kurasa za magazeti ukutani kuzuia baridi. Watoto walilala chini ya mifarishi kadhaa kwa mpigo. Aliyeshona alishona kwa sababu usiku unakuja.

Mahali penyewe ni ardhi iliyokumbatiwa pande tatu na Mto Alabama, kusini-magharibi ya mji wa Selma. Jina la Gee ni la Joseph Gee, mzungu kutoka North Carolina aliyefungua shamba la pamba hapo mwaka 1816. Mwaka 1845 shamba liliingia mikononi mwa Mark Pettway, na mwaka uliofuata akaleta watumwa wapatao 100 kutoka North Carolina, wakitembea kwa miguu. Utumwa ulipokomeshwa, wengi wao walibaki pale pale, wakilima kwa kugawana mazao na wenye ardhi, na wakibeba jina la bwana wao wa zamani. Hadi leo ukienda huko utakuta Pettway nyumba hadi nyumba, wengine wakiwa hawana udugu wowote.

Mwaka 1932 uliwaonyesha jinsi umaskini unavyoweza kuongezwa juu ya umaskini. Mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha alifariki, na mjane wake akataka madeni yalipwe yote. Watu wakatumwa kijijini wakabeba kila kilichobebeka: mahindi, ng'ombe, nyumbu, majembe. Familia zipatazo 60 ziliingia majira ya baridi mikono mitupu, zikaokolewa na unga wa Msalaba Mwekundu. Baadaye, katika mwaka 1937, serikali ya Marekani iliinunua ardhi ile, ikajenga nyumba za mbao na kuwauzia wakulima mashamba kwa mikopo nafuu. Ndiyo maana, tofauti na weusi wengi wa Kusini waliohamishwahamishwa, hawa walibaki mahali pamoja. Kazi ya mkono inayopita kutoka kwa bibi kwenda kwa mjukuu inahitaji kwanza bibi na mjukuu wakae karibu.

Msomaji wa Kiswahili asidhani kwamba habari hii ni ya mbali naye. Pamba iliyochumwa na watumwa wa Kusini mwa Marekani ilipelekwa kaskazini, kwenye viwanda vya nguo vya New England, na sehemu ya nguo iliyofumwa huko ilipakiwa katika merikebu za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, ikateremshwa Zanzibar. Sultani Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na mwaka 1837 Wamarekani wakawa na konseli wao kisiwani. Nguo ile nyeupe isiyopaushwa ilipendwa pwani na bara mpaka ikachukua jina la nchi ilikotoka: merikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza mwaka 1861, pamba ilikatika na merikani ikaadimika. Uzi uliotoka shambani kwa mtumwa wa Kusini ulifika hadi viunoni mwa watu wetu.

Nasi pia tunayo hadithi ya kuunga. Pwani husimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa mjini walinunua leso za mkononi zilizouzwa kwa jora, na badala ya kuzikata moja moja, walikata tatu na tatu wakaziunga, zikawa nguo moja pana ya kujitanda. Jina la leso, lenye asili ya Kireno, bado linatumika Mombasa kwa nguo ambayo wengine wanaiita kanga. Kwa mujibu wa masimulizi haya, vazi la mwanamke wa Kiswahili lilianza na mtu aliyetazama vipande akaona kitu kizima.

Chini ya mfarishi

Watu wazima wengi wa Gee's Bend wanaukumbuka mfarishi kwanza kutokea chini yake. Wanawake walikuwa wakitandaza kazi kwenye fremu kubwa ya mbao, wakakaa kuizunguka, na watoto wakajikusanya sakafuni kama vile chini ya hema. Kutoka hapo mtoto aliona sindano zikichomoza na kurudi, zikichomoza na kurudi, akisikia sauti za wakubwa juu ya kichwa chake: sala, nyimbo za kanisani, habari za kijiji. Kabla hajaijua sindano kwa vidole, alikwisha kuijua kwa macho na masikio.

Kisha kazi zikaanza kumfikia kwa kadiri ya umri. Mtoto mwenye macho makali alitungia wazee uzi kwenye sindano. Naomba tusiipite haraka kazi hiyo ndogo. Bibi mwenye vidole vinavyojua kila kitu, ambaye macho yamemtupa mkono, hawezi kuanza asubuhi yake bila mjukuu wa miaka sita. Mtoto anajua kwamba anahitajiwa kweli, kwa maana akiondoka kwenda kucheza kazi inasimama.

Akikua kidogo anapewa kuchana nguo kuukuu, kutoa vifungo, kufumua mifuko ya suruali. Hapo anajifunza kitambaa. Anagundua kwamba denimu huchanika kwa kufuata uzi wake, na kwamba mahali palipokuwa na mfuko hubaki rangi ya asili, nzito, kama kivuli cha kitu kilichoondoka. Anajifunza pia kwamba goti huisha kabla ya paja. Maarifa haya hayaandikwi popote. Huingia kupitia ncha za vidole, nayo hukaa.

Baadaye anapewa makombo, vile vipande ambavyo mama ameona havimfai, aunge chake mwenyewe. Mwishoni anapata kiti kwenye fremu pamoja na wakubwa.

Kulikuwa na desturi moja ambayo naiona ndiyo moyo wa jambo. Kuunga viraka, yaani kuamua rangi ipi ikae kando ya ipi, ilikuwa kazi ya mtu peke yake, nyumbani kwake, baada ya shamba na jiko. Kupitisha nyuzi kwenye tabaka tatu ndiyo ilikuwa kazi ya pamoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Uamuzi wa mtu mmoja, msaada wa wengi. Jirani alikuja na sindano yake akashona saa nzima juu ya mpangilio ambao yeye asingeuchagua, na hakusema neno. Sisi mara nyingi hufanya kinyume: tunatoa maoni kwa pamoja, kisha tunamwachia mtu kazi peke yake.

Paa la nyumba

Mpangilio unaopendwa zaidi Gee's Bend huitwa Housetop, yaani paa la nyumba. Unaanza na kiraka kimoja cha katikati. Unaunga utepe upande mmoja, kisha wa pili, wa tatu, wa nne, umekizunguka. Unaanza mzunguko mwingine, mkubwa zaidi. Miraba inakua ndani ya miraba mpaka kitanda kitoshe. Mtoto anaweza kuuelewa kwa dakika tano, na mtu mzima anaweza kuushona miaka hamsini bila kurudia.

Siri iko kwenye utepe unaoishia njiani. Mwenye duka la vitambaa angekata mwingine wa rangi ile ile. Mwanamke wa Gee's Bend hakuwa na mwingine. Palipokatika buluu akaunga kijivu, palipokatika kijivu akaunga nyekundu ya gauni la mtoto, na mzunguko uliokuwa ukienda sawa ukayumba ghafla, ukapata pumzi. Kisha macho yake yakauzoea ule myumbo, yakaupenda, akaanza kuutafuta hata siku ambazo kitambaa kilitosha. Wenyewe wana jina la mfarishi ulioacha kanuni na kufuata mkono wa mshonaji: wanauita njia yangu.

Chukua ukoo mmoja uone. Annie E. Pettway alizaliwa mwaka 1904, akashona Housetop. Alimlea mjukuu wake, Rita Mae, aliyezaliwa mwaka 1941, na Rita Mae akashona Housetop. Binti ya Rita Mae ni Louisiana, aliyezaliwa mwaka 1960, naye kazi zake zimeanzia humo humo kwenye miraba inayozungukana. Ukiziweka pamoja unaona undugu kama unavyouona katika nyuso za picha ya familia: paji lile lile, macho tofauti. Louisiana ameichukua ile miraba akaikata, akaisogeza, akaifanya igongane. Bila bibi wa mama yake asingekuwa na cha kukata, na lau angeamriwa amfuatishe hatua kwa hatua, asingethubutu kushika mkasi.

Waswahili tunasema samaki mkunje angali mbichi. Ni neno la kweli, na wanawake hawa waliwakunja watoto wao: uzi ukazwe, mshono ushike, kazi imalizike. Lakini walikunja vidole. Jicho waliliacha lijikunje lenyewe.

Mito ya kodrai

Kulikuwa na wakati ambapo kanuni hiyo ilijaribiwa. Miaka ya 1960 ilikuwa ya mapambano ya haki za kiraia. Watu wa Gee's Bend walipoanza kuvuka mto kwenda Camden, makao ya wilaya, kudai haki ya kupiga kura, huduma ya feri ilisitishwa, mwaka 1962, na safari ya dakika chache kwenye maji ikawa ya zaidi ya saa moja barabarani. Feri haikurudi hadi mwaka 2006. Mwaka 1965 Martin Luther King alifika kijijini kuhutubia. Walioandikishwa kupiga kura walihatarisha kazi na makazi yao.

Katika hali hiyo, mwaka 1966, wanawake wa eneo hilo walianzisha ushirika wa Freedom Quilting Bee, wakisaidiwa na kasisi Francis X. Walter, na Estelle Witherspoon akawa nguzo ya uongozi wake. Mifarishi yao ikapelekwa New York kuuzwa. Kwa wanawake wengi hii ilikuwa mara ya kwanza kushika fedha ambazo hazikutoka shambani. Hakuna mwenye haki ya kuidharau fedha ile. Ilisomesha watoto na kulipa madeni.

Lakini soko lilikuja na sharti lake. Maduka makubwa yalitaka mfarishi wa leo ufanane na wa jana. Vipimo vikawa vya kulingana, mishono ikahesabiwa, rangi zikachaguliwa na watu wa mbali. Mwaka 1972 ushirika ulipata mkataba na kampuni ya Sears wa kushona foronya za mito ya kochi kwa kitambaa cha kodrai. Maelfu ya mito, yote pacha.

Makombo ya kodrai ile ndiyo ninayoyapenda katika habari hii. Jioni wanawake waliyabeba kwenda nayo nyumbani, dhahabu ya haradali, kijani cha parachichi, wekundu wa kutu, rangi ambazo wasingemudu kuzinunua. Mchana walishona alivyotaka mteja. Usiku, kwa kitambaa kile kile, kila mmoja alishona njia yake na kuwagawia mabinti vipande. Baadhi ya mifarishi mizuri kabisa ya Gee's Bend ni ya kodrai ya miaka ile. Kazi ya soko na kazi ya nyumbani zilikaa chini ya paa moja kwa sababu wenyewe walijua tofauti yake. Mtu anayeshona kofia au kudarizi mashuka ya kuuza anaijua tofauti hii vizuri: kuna kazi unayompa mteja, na kuna ile unayomwachia mwanao.

Ukutani

Wenyewe hawakuwahi kuhifadhi mifarishi kama mali ya thamani. Ililaliwa, ikafuliwa, ikachakaa, ikawekwa chini ya mfarishi mpya, na mwisho ilichomwa nje jioni kwa sababu moshi wa pamba hufukuza mbu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mkusanyaji wa sanaa kutoka Atlanta, William Arnett, aliiona picha ya mfarishi wa Annie Mae Young ukiwa umetandazwa juu ya kuni, akaenda kumtafuta mwenyewe. Aliukuta, akakuta na mingine mingi chini ya vitanda na ndani ya masanduku. Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ilitundikwa katika Jumba la Sanaa la Houston, na baadaye mwaka huo huo katika Jumba la Whitney mjini New York. Mfarishi wa Missouri, wa miguu ya suruali ya Nathaniel, ulikuwa kati yake. Mwaka 2006 posta ya Marekani ilitoa stempu 10 zenye picha za mifarishi hiyo. Mwaka 2015 Mary Lee Bendolph, Lucy Mingo na Loretta Pettway walipewa tuzo ya taifa ya urithi wa sanaa za jadi.

Kwangu jambo kubwa zaidi lilitokea ndani ya kichwa cha mtu mmoja. Louisiana, yule mwana wa Rita Mae, alishona utotoni kama wenzake, kisha maisha yakamchukua: kazi, watoto, blanketi za dukani zilizokuwa rahisi kuliko muda wake. Alikuwa ameacha. Mwaka 2002 alikwenda Houston pamoja na wanawake wa kijijini kwao, akasimama mbele ya kuta nyeupe, akaona kazi za jamaa zake zikiwa zimesimama wima. Kitu alichokijua miaka yote kikiwa kimelala kitandani, sasa alikiona chote kwa mara moja. Njiani kurudi nyumbani, mifarishi ambayo haijawahi kushonwa ilianza kumjia. Akaanza kuichora, kisha akarudi kwenye sindano.

Louisiana ameolewa na mwana wa Mary Lee Bendolph. Kwa hiyo upande mmoja anaye mama mzazi aliyefunzwa na Annie E., na upande wa pili mama mkwe, ambaye mama yake, Aolar Mosely, na binti yake, Essie, wote ni washonaji. Mwanamke aliyezungukwa namna hiyo anaweza kushindwa kupumua. Yeye alipumua, kwa sababu wale wakubwa hawakumngojea na kipimo mkononi. Mwaka 2005 yeye na mama mkwe wake walisafiri pamoja hadi California, wakatengeneza picha za kuchapwa kutokana na viraka vyao, kila mmoja zake.

Angalia muda uliopita kati ya utoto wake na siku ile ya Houston. Kwa mtazamaji wa haraka mnyororo ulikuwa umekatika. Kumbe ulikuwa umelala kwenye vidole, kwa sababu zamani sana mtu alimpa makombo akamwambia aunge. Mzazi anayelalamika kwamba mwanawe hapendi kazi za mkono asikate tamaa mapema. Ajiulize tu kama amewahi kumpa sehemu ya kweli.

Kanga za mama

Swali hilo nilijiuliza mwenyewe, na jibu lake halikunifurahisha.

Binti yangu alipokuwa na miaka tisa nilimpa foronya adarizi. Nilimchorea maua kwa penseli, nikamchagulia nyuzi. Alishona kwa juma zima, majani akayafanya ya zambarau, mishono mingine mirefu kama hatua za mtu anayekimbia. Usiku alipolala niliifumua kazi yake nikaishona upya, majani yakawa ya kijani, kila kitu kikanyooka. Nilidhani namsaidia. Asubuhi aliigeuza foronya upande wa nyuma, akaona mafundo ambayo hayakuwa yake, akairudisha kwenye kikapu. Hakusema kitu. Hakushika sindano tena kwa miaka kumi.

Mama yangu alipofariki, baada ya arubaini, tuligawana nguo zake kama ilivyo desturi. Kanga nzima zilipata wenyewe siku ile ile. Zikabaki zile kuukuu, za jikoni na za kulalia, zilizopauka mpaka jina halisomeki vizuri, na hakuna aliyezitaka wala aliyethubutu kuzitupa. Nilizifunga nikarudi nazo nyumbani. Nilikwisha kusoma habari za Missouri wakati huo. Nikamwita binti yangu, nikaweka zile kanga na mkasi mezani, nikamwambia, "Mwanangu, hizi ni za bibi yako. Tufanye mfarishi. Wewe kata."

Aliuliza vipande viwe vya ukubwa gani. Nikamwambia aone mwenyewe. Alikaa kimya muda mrefu akizipapasa, akitafuta mahali ambapo kitambaa bado kina nguvu, kwa maana kanga huisha katikati kabla ya pindo. Kisha akaanza. Alikata majina yakagawanyika, neno huku, nusu ya neno kule. Vipande vingine akavigeuza maandishi yakasimama wima. Mdomo wangu ulikuwa umejaa maneno na nikayameza. Nilipochukua sindano, macho yalinikatalia, uzi ukapita kando ya tundu mara tatu. Alininyang'anya kwa upole, akautunga, akanirudishia. "Shika, mama." Kisha akaendelea kukata, na huku anakata akaanza kuniuliza habari za bibi yake: hii aliivaa lini, ile alipewa na nani. Nilimjibu kwa jioni nyingi. Mambo mengine sikuwa nimewahi kumsimulia mtu.

Msomaji, zipo nguo za namna hiyo nyumbani kwako. Shati la kazi la baba, sare ya shule ya mtoto aliyekwisha kuhama, shuka alilodarizi shangazi kabla ya harusi yake. Anza na nguo yenye mtu ndani yake, utaona mazungumzo yanakuja yenyewe. Mpe mdogo kabisa kutunga uzi. Mpe anayemfuata mkasi, umfundishe kuushika bila kujikata, kisha uondoe mkono wako. Mpangilio awe nao mtu mmoja, na asiwe wewe kila mara. Kupitisha nyuzi fanyeni wote, hata wasioupenda mpangilio. Mishono ikiwa mibovu kiasi cha kuachia, mwonyeshe mwenyewe aikaze. Ikiwa imepinda tu, iache.

Mfarishi wetu ulichukua miezi mitano. Haukutundikwa popote, unalaliwa. Maneno ya mama yametawanyika juu yake, mengine kichwa chini, na mjukuu anayejifunza kusoma huyatafuta kwa kidole kabla ya kulala. Pindo la upande mmoja limepinda. Ni la binti yangu, na sitalifumua.